Kengele ya Bi Riziki

Wa kijiko hanyweshwi kwa ndoo.

Mmeisikia sasa hivi, somo akimkanya yule anayetaka kumfundisha bi harusi mambo ya miaka thelathini kwa alasiri moja, nanyi mkatazamana na kuguna. Mmoja wenu akauliza, methali hii imetoka kwa nani, mbona vitabuni haimo? Haimo vitabuni kwa sababu ilizaliwa hapa hapa Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Nne, katika nyumba ya Bi Riziki binti Shomari. Endeleeni kumenya vitunguu saumu niwape chanzo chake, na asiyemenya asisikilize.

Bi Riziki alikuwa mjane wa makamo, mnene wa kiasi, na nyumba yake haikujua upweke. Ukiingia asubuhi utakuta watu sita, adhuhuri kumi, alasiri huhesabu tena. Habari zote za Tanga zililala kwake kabla ya kwenda kwa wenyewe. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kanunua kabati kwa mkopo: kwa Bi Riziki utapata jibu na kahawa juu yake. Fahari yake ilikuwa moja tu, na aliisema mbele ya yeyote: "Tangu niolewe nyumba hii, hakuna mgeni aliyegeuka mlangoni kwangu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, ndefu kama treni. Mbele baraza, kisha mlango wenye pazia, kisha ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na mwisho kabisa uani, kwenye majiko, vinu na makelele yote. Wanawake wakitwanga mchele wa vitumbua, vinu vitatu kwa mpigo, hata mtu akiita kwa tarumbeta mlangoni hasikiki.

Na desturi yetu mnaijua. Mtu hubisha hodi mara tatu. Ya tatu ikikosa jibu, hugeuka akaenda zake, na hapaswi kulaumiwa.

Basi siku moja ya Jumapili, saa saba mchana, jua limewafukuza wote barazani, walifika wazee watatu kutoka Pangani. Kiongozi wao alikuwa Mzee Hatibu Mwinjaka, mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno machache. Mkononi alikuwa na barua ya posa. Mpwa wake, mwalimu wa shule kule Pangani, alimtaka Tunu, binti wa pili wa Bi Riziki. Na Tunu naye, tusifichane, alikuwa keshamtaka yule mwalimu tangu mfungo uliopita.

Mzee Hatibu akabisha hodi ya kwanza. Uani vinu: du! du! du! Akabisha ya pili. Du! du! du! Akabisha ya tatu, akangoja muda wa mtu kunywa maji, kisha akaikunja barua akaitia mfukoni. Wakageuka.

Kufika Jumatatu mji mzima ulikuwa unajua. Na kwa kuwa mji haukosi viungo, habari ilikuwa imekwisha kukolezwa: Bi Riziki kawachungulia wazee wa watu dirishani, kaona kanzu si za hariri, kawafungia mlango! Yeye aliyezoea kupokea habari za wenzake, leo yake ndiyo ilikuwa inapakuliwa kwenye majumba ya watu. Tunu alijifungia chumbani hata chai hakunywa.

Bi Riziki akatuma mtu Pangani kuomba radhi. Jibu likarudi fupi kama mwenyewe Mzee Hatibu: "Hatukukasirika. Tutakuja tena Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Tutabisha kama dini inavyotufundisha. Tukijibiwa, heri. Tusipojibiwa, tutajua si riziki yetu, na barua tutaipeleka kwingine."

Mtasema, si angemweka mtu mlangoni awangoje? Hamjui mambo. Kumngoja mposaji mlangoni ni kumnadi binti yako. Mwenye binti hukaa ndani, akashughulika, posa ikamkuta kwenye shughuli zake kana kwamba hakuitarajia. Na kusema wanawake wa Barabara ya Kumi na Nne wanyamaze alasiri nzima, hilo hata Bi Riziki hakulifikiria.

Alifikiria kengele.

Ilikuwamo kabatini, katika sanduku lake, kati ya birika la fedha na glasi zisizonywewa. Kaka yake alimletea kutoka Maskati miaka miwili nyuma: kengele ya mlangoni ya umeme, nyeupe, yenye mabomba mawili ya shaba yanayong'aa. Ukibonyeza kitufe inasema "ting," ukiachia inasema "tong." Kila mgeni alionyeshwa lile sanduku, akalisifu, likarudishwa kabatini.

Jumanne saa nne asubuhi akaitwa Fundi Kitwana. Kitwana alikuwa ndiye fundi umeme wa mtaa. Nusu ya taa za Ngamiani alizitundika yeye, na kila alipotembea alitanguliwa na sauti ya bisibisi zikigongana mfukoni.

"Hii kazi ya kunywa chai tu, mama," alisema. "Nachukua umeme kwenye taa ya ukumbini, naupeleka kwenye kitufe, kitufe kinaupeleka kwenye kengele. Basi."

"Haina kikorokoro kingine?" Bi Riziki aliuliza. "Kaka alisema dukani walimwambia ina mwenzake."

"Mwenzake nani? Umeme ni umeme."

Kengele ikatundikwa ukumbini karibu na mlango, juu ya kabati, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Hapo Bi Riziki alipachagua mwenyewe. Majirani wakajaa kama siku ya maulidi. Kitwana akasema bismillahi, akabonyeza.

Haikusema ting wala tong. Ilinguruma kama nyuki mia waliofungiwa kwenye debe, ikatetemeka ukutani hadi glasi kabatini zikaanza kugongana, na moshi mwembamba ukatoka pembeni. Kitwana aliruka akaukata umeme kwenye meni swichi. Ukumbi ukanuka vanishi iliyoungua.

"Dhaifu," Kitwana akasema, akiitazama kengele kwa jicho la lawama. "Kengele yenyewe dhaifu."

Majirani wakatoka mmoja mmoja, midomo imebana, kila mmoja akiharakisha kwenda kusema alichokiona.

Bi Riziki akakaa juu ya kibao cha mbuzi katikati ya ukumbi. Hakulia, si mtu wa kulia, lakini alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Siku zilibaki tatu.

Hapo ndipo alipoingia shoga yake, Mwanakombo. Huyu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko, kazi aliyorithi kwa baba yake. Wanaume walimtania kuwa redio ni umeme wa kuketi, umeme wa kweli ni wa kupanda ngazi. Yeye alikuwa akiwajibu kwamba ngazi hata paka anapanda.

"Nimesikia kengele yako imefufuka ikafa," alisema kabla hata ya salamu.

"Shoga, usinicheke leo."

"Sikucheki. Iteremshe niione."

Akafungua kifuniko, akanusa, akaigusa koili, ule waya uliozongwa ndani, kwa ncha ya kucha. Kisha akaigeuza chini juu, akaomba ile miwani ya Bi Riziki, akasoma maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Imeungua nyusi tu, macho mazima," akasema. "Soma hapa. Volti nane. Ampea moja."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo chakula chake. Huyu anakula volti nane. Kitwana kampa za taa, mia mbili na thelathini. Angechelewa kidogo tu kuukata umeme, leo tungekuwa tunaizika. Huyo mwenzake aliyesema kaka yako ni transfoma. Yeye hukaa katikati, anapokea umeme mkubwa huku, anatoa mdogo kule. Vaa buibui twende mjini."

Dukani kulikuwa na transfoma tatu juu ya meza. Ya kwanza kubwa, nzito kama jiwe la kinu. Bi Riziki akaidaka mara moja. "Hii! Hii ndiyo yenye heshima. Mzee Hatibu akibonyeza, hadi Pangani wasikie."

"Rudisha," Mwanakombo akasema. "Hiyo inatoa volti ishirini na nne. Utaiua mara ya pili."

"Basi hii ndogo, nzuri, kama kisanduku cha pete."

"Hiyo volti zake nane kweli, lakini ampea nusu. Kipimo sawa, pumzi haina. Mgeni akishikilia kitufe kidogo, yenyewe itapata homa. Nipe ile ya tatu, bwana."

Ya tatu haikuwa na sura ya kusifiwa, nyeusi, ya kawaida. Upande mmoja ilikuwa na skrubu mbili za kupokea umeme wa nyumba, na upande wa pili skrubu tatu. Ukichukua ya kwanza na ya pili unapata volti nane, na ya kwanza na ya tatu unapata kumi na mbili. Ampea moja na ziada. Mwanakombo akaipindua mara tatu mkononi, akasoma kila upande, ndipo akaridhika.

Alhamisi asubuhi akaifunga. Kwanza akazima meni swichi, akaweka kiti mbele yake, akamkalisha Tunu hapo asije mtu akaiwasha. Tunu alikaa kwenye kile kiti kama askari wa benki. Umeme mkubwa akauingiza kwenye zile skrubu mbili, akazifunika vizuri mtu asiziguse. Kutoka upande wa pili, skrubu ya volti nane, waya mmoja ukaenda moja kwa moja kwenye kengele. Waya mwingine ukapita kwanza kwenye kitufe mlangoni, ndipo ukaenda kwenye kengele. Majirani walikuwa wamerudi, kwa kuwa habari ya kengele kufufuka ilikuwa tamu kuliko ya kufa. Kitwana naye alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

Mwanakombo akawasha. Akabonyeza.

"Ting." Akaachia. "Tong."

Sauti ilikuwa safi, ya upole, kama kijiko kikigusa glasi. Vigelegele vikapigwa. Lakini Bi Riziki, aliyekuwa na akili ya jambo lake, akakimbia uani akaamuru vinu vyote vitatu vitwange. Akapiga kelele, "Bonyeza!"

Du! du! du! Akangoja. Akarudi ukumbini uso umemshuka.

"Umebonyeza?"

"Mara nne."

"Sijasikia hata moja."

 Kitwana akakohoa. "Mimi sisemi kitu," akasema, na watu wote wakajua atasema. "Lakini hiyo transfoma si ina skrubu ya volti kumi na mbili? Aliyeiweka hakuiweka kwa urembo. Pandisha umeme, kengele ipige kelele. Au fundi redio anaogopa?"

"Kweli, shoga," Bi Riziki akadakia. "Weka kumi na mbili. Kesho ndiyo kesho. Ikiungua na iungue, mradi ilie mara moja tu Mzee Hatibu akiwa mlangoni."

"Na akija wa pili?" Mwanakombo akauliza. "Na wa tatu? Unataka kengele, au fataki?"

 Ubavuni Bi Riziki alikuwa amembeba mjukuu wake wa miezi saba, mtoto wa binti yake mkubwa, na mkono mwingine kijiko cha uji. Mtoto alikuwa anang'aka, kijiko kimecheleweshwa. Mwanakombo akamtazama yule mtoto, akatabasamu.

"Riziki, huyo anataka nini?"

"Uji. Huoni?"

"Kijiko kimoja hakimtoshi. Mwagie ndoo."

"Wewe una wazimu? Umwue mtoto?"

"Basi utamfanyaje?"

"Nitamweka mapajani, nimlishe karibu karibu, kijiko kwa kijiko, mpaka..."  Kijiko kikabaki hewani.

"Enhe," Mwanakombo akasema taratibu. "Kengele yako haikosi chakula, shoga. Imekaa mbali na mapaja. Umeitundika hapa mlangoni, anapoiona mgeni. Mgeni yeye yupo mlangoni tayari, ana haja gani ya kuisikia? Kengele si ya anayebisha, ni ya anayejibu. Niambie leo: unataka ionekane, au isikike?"

Hilo neno liliingia. Bi Riziki aliitazama kengele ya Maskati, nyeupe, mabomba ya shaba yanameta juu ya kabati. Ilivyopendeza! Miaka miwili aliiota ukutani hapo, wageni wakiinua macho. Uani kulikuwa na moshi, masizi, na kuku wa jirani. Nani ataiona huko? Akamtazama Tunu, aliyekuwa bado amekaa mbele ya meni swichi, hakuna aliyemwambia ainuke.

"Iteremshe," akasema. "Ipeleke uani, juu ya vinu. Kamba ya nguo ihamishwe." Kisha akamgeukia Kitwana, akiwa bado na kijiko mkononi, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barazani: "Na wewe mwanangu Kitwana, sikiliza. Wa kijiko hanyweshwi kwa ndoo. Akisumbua, msogeze karibu!"

Watu wakaangua kicheko, na Kitwana, maskini, akacheka pia kwa shingo upande. Ndivyo neno lilivyotoka, mbele ya mashahidi.

Mwanakombo akabaki kwenye ile skrubu ya volti nane. Ule waya mwembamba tu ndio alioutoa, kwa kuwa safari ya ukumbi ule ni ndefu na umeme mdogo huchoka njiani, akapitisha waya mnene kidogo hadi uani. Wakatwanga vinu vyote vitatu. Ting, tong. Kila mtu akageuka.

Ijumaa ikafika. Uani palikuwa na wanawake arobaini kasoro, pilau jikoni, vinu vinakwenda. Alasiri ikaadhiniwa. Watu wakatoka msikitini. Hakuna ting.

Bi Riziki aligeuza wali ambao haukuhitaji kugeuzwa. Muda ukapita. Moyo ukaanza kumwambia maneno: wamekuja, hawakijui kitufe, wamebisha kwa mdomo, wako njiani kurudi. Jambo hilo hakuna aliyelifikiria! Walifunga kengele, wakasahau kwamba wazee wa Pangani hawajawahi kuona kengele.  Na mlangoni hawezi kwenda.

"Ting."

Michi ikasimama hewani. Wanawake arobaini wakashika pumzi wakingoja "tong," maana wote walishaizoea ikija papo hapo. Haikuja. Wakatazamana. Bado haikuja.

"Imekwama," mmoja akanong'ona.

"Inaungua," mwingine akasema, akanusa.

 Mwanakombo alipita mbio ukumbini hadi kwenye transfoma, akaiwekea kiganja kama unavyompapasa mtoto aliyeamka usingizini. Ilikuwa na vuguvugu. Vuguvugu tu, si homa. Akainua kidole gumba, na wakati huo huo kule uani:

"Tong."

Kisha tena, ting... kimya kirefu... tong. Bi Riziki alikuwa tayari yuko katikati ya ukumbi, kanga begani, anatembea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, huku miguu yake ikitaka kuruka. Alipofika karibu na pazia akasikia kilichokuwa kikiendelea.

Mzee Hatibu Mwinjaka alikuwa amekikandamiza kitufe kwa kidole chake chote, amekisogelea kwa mdomo, anakiambia taratibu, kwa heshima zote: "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hodi, wenyewe. Ni sisi wazee wa Pangani. Tumekuja kwa heri." Kisha akaachia, akangoja, akakandamiza tena, akaanza salamu upya. Alidhani sauti hupitia humo kama simu!

"Karibuni!" Bi Riziki akaitikia, kabla ya hodi ya tatu kumalizika. "Karibuni, karibuni sana, mbona mmesimama!"

Uani kulilipuka vigelegele ambavyo, kwa hakika, havikuhitaji transfoma.

Baadaye, barua ikiwa imeshapokelewa na wajomba wameshaitwa, Mzee Hatibu akasema mlangoni walibisha kwa mdomo mara mbili bila kujibiwa. Alikuwa akifungua kinywa kwa ya tatu, kijana mmoja mwenye bisibisi mfukoni akavuka mbio kutoka baraza la pili: "Mzee, hodi hiyo ya mwisho usiipoteze hewani! Iweke hapa, kwenye kitufe." Basi Mzee akaziona hodi za kitufe kuwa mpya, akaanza moja upya.

Wote wakamtazama Kitwana, aliyekuwa kwenye kizingiti akijifanya anakagua fremu ya mlango. Bi Riziki akampakulia sahani ya pilau, nyama juu, akampelekea kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilishikilia sana kile kitufe," Mzee Hatibu akaongeza. "Sijakiharibu?"

"Hata," Mwanakombo akasema, na kidevu chake kilikuwa juu kuliko ngazi ya fundi yeyote Ngamiani. "Ungeweza kukisomea Yasini nzima."

Tunu aliolewa na mwalimu wake. Kengele ile ilibaki uani, ikashika masizi, mabomba ya shaba yakawa meusi kama vyungu, na kwa miaka ishirini na saba hakuna mgeni aliyegeuka mlangoni kwa Bi Riziki. Walioingia hawakuiona kamwe. Waliisikia tu, na wakajibiwa. Kitwana naye, kila alipoitwa kufunga kengele mahali, jambo la kwanza aliigeuza chini juu, akaomba miwani, akasoma. Na mwenye nyumba akimharakisha amalize, alimjibu kwa maneno aliyoyapata siku ile kwa aibu, sasa akiyasema kwa fahari kama mali yake. Kutoka kwake yakaenda kwa mafundi, kutoka kwa mafundi yakaenda kwa mama wanaolea, kwa walimu, kwa masomo wa harusi kama huyu wenu.

Basi mwacheni bi harusi apumue. Leo mwambieni neno moja, mkae naye karibu, na kesho jingine. Wa kijiko hanyweshwi kwa ndoo.